Miaka Saba na Nusu ya Zohali: Mafunzo Niliyopata

Mwishoni mwa Januari 2017, kwa hesabu za wanajimu wa Kihindi, sayari ya Zohali ilitoka katika buruji ya Nge ikaingia Mshale. Kwa mtu ambaye siku aliyozaliwa mwezi ulikuwa katika buruji ya Mbuzi, ambayo wazee wetu wa falaki huiita Jadi, huo ulikuwa mwanzo wa kipindi kinachoogopwa kuliko vyote katika unajimu wa India. Wenyewe hukiita Sade Sati: miaka kama saba na nusu ya Shani, na Shani ndiye Zohali. Mimi nilizaliwa mwezi ukiwa katika Mbuzi.

Wakati huo nilikuwa Pune, katika jimbo la Maharashtra, nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi ambaye wapangaji wote tulimwita Kaku, yaani mke wa baba mdogo. Yeye ndiye aliyenipigia hesabu hizo. Kipindi kilikwisha Machi 29, 2025, nikiwa nimesharudi Tanga. Katikati yake baba aliugua kiharusi na kufariki, nilifanya kazi kwa muda mrefu bila kulipwa, na uchumba wangu ulivunjika.

Mimi ni Mwislamu na sikupata kumwabudu Shani. Lakini mapokeo ya watu wale yalinishika mkono nilipokuwa sina pa kushika, na nayashukuru waziwazi.

1. Dhiki ina urefu wake

Zohali ndiyo sayari ya mbali zaidi inayoonekana vizuri kwa macho matupu, na ndiyo iendayo taratibu kuliko zote hizo. Huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka jua. Igawe safari hiyo kwa buruji 12, kila buruji inapata takriban miaka miwili na nusu. Zohali ikiingia buruji iliyo nyuma ya ile ya mwezi wako, umeanza. Ikiingia ya mwezi wako, uko katikati. Ikiingia ile ya mbele, unamalizia. Kisha hukuacha kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi. Anayejaliwa umri mrefu huipitia mara mbili au tatu, awe fukara au waziri.

Kaku alinieleza haya akiwa jikoni, kidole gumba kikitembea juu ya pingili za vidole vingine, ndivyo wahesabuvyo Wahindi wengi. Alipofika pingili ya mwisho aliibonyeza, akaniambia kwamba hapo ndipo kipindi kitakapoishia. Hakunificha kwamba katikati pangekuwa pagumu. Sikujua thamani ya maneno yale mpaka baba alipolala kitandani asiweze kutamka jina langu. Mwenye dhiki hudhani amehamia humo moja kwa moja. Kuambiwa na mtu mzima, bila kubabaika, kwamba dhiki ina mwanzo na ina mwisho, ni msaada mkubwa hata kama hesabu zenyewe huzikubali.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hizo ambalo limenifaa zaidi. Kila mwaka, kwa miezi minne na nusu hivi, Zohali ikitazamwa kutoka duniani huonekana ikirudi nyuma, kwa sababu dunia yetu huwa inaipita katika mzunguko. Mwaka ule wa 2017 iliingia Mshale Januari, ikarudi Nge Juni, ikaingia tena Mshale Oktoba. Mwaka 2022 iliingia Ndoo mwishoni mwa Aprili, ikarudi Mbuzi Julai, na haikutoka tena huko hadi Januari 2023. Wanaofuata mambo haya hawashangilii nafuu ya kwanza. Baba naye alipata nafuu. Aliinuka, akatembea kwa mkongojo hadi barazani, ndugu wakaja, tukasoma dua. Mama akataka tupunguze dawa za presha kwa kuwa mgonjwa amepona. Nilikataa, nikaendelea kumpa dawa kwa saa na kumnyoosha miguu kila alfajiri. Kiharusi kilirudi mwaka uliofuata, lakini ule mwaka mzima wa kukaa barazani tuliupata.

2. Uliza hesabu kabla ya kuogopa

Nyota unayoisoma gazetini hutokana na mahali lilipokuwa jua ulipozaliwa, tena kwa hesabu za Kimagharibi. Wahindi huangalia mwezi kwanza, na buruji zao zimepishana na zile za Magharibi kwa nyuzi kama 24. Kipimo kinachotumiwa zaidi kinaitwa cha Lahiri. Kilipitishwa miaka ya 1950 na kamati ya serikali ya India ya kurekebisha kalenda, iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha. Kwa hiyo anayejiita Samaki hapa kwetu, huenda mnajimu wa Pune akamwambia mwezi wake uko Simba.

Pia si kila Zohali ni moja. Mbuzi na Ndoo ni nyumba zake mwenyewe, Mizani ndiko anakotukuzwa, na Kondoo ndiko anakodhoofika. Wengine husema anayepitiwa akiwa katika nyumba ya Zohali huadhibiwa kidogo, wengine hukataa. Wataalamu wenyewe wakitofautiana kiasi hicho, mtu mwenye akili hana sababu ya kukosa usingizi kwa neno la mmoja wao.

3. Shani anakuangalia kupitia macho ya aliye chini yako

Katika vitabu vya unajimu wa Kihindi kila sayari ina watu wake. Jua lina wafalme na akina baba. Mwezi una akina mama. Mshtarii ina walimu. Zohali imepewa watumishi, vibarua, wazee, walemavu, na wote wanaofanya kazi ambazo wengine huziona ni za uchafu. Vitu vyake ni chuma, mafuta, nguo nyeusi na ufuta mweusi. Siku yake ni Jumamosi, na hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu. Naye alisoma falaki katika vitabu vya Kiarabu, na hakuwa akianza safari Jumamosi saa ya kwanza, kwa kuwa ni saa ya Zohali, na Zohali kwao ni nuhusi. Sayari ile ile, siku ile ile. Ila babu alifundishwa kuikwepa, na Kaku alifundishwa kuitumikia kwa kuwatumikia watu wake.

Kila Jumamosi asubuhi alikuja mama aliyefagia ngazi za jengo letu. Nyumba nyingine pale zilimpa chai katika kikombe chake peke yake, kilichowekwa dirishani kwa nje kisichanganyike na vyombo vya ndani. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku utengano wa namna hiyo, lakini jikoni umebaki. Kaku alimkalisha kwenye kiti, akammiminia chai katika kikombe kile kile nilichokuwa nimekitumia mimi, wakanywa wote wawili wakilalamikia bei ya vitunguu. Mama yule akiondoka alipewa kifurushi cha choroko nyeusi na noti iliyokunjwa. Nilimuuliza Kaku kama hiyo ni sadaka. Akasema hapana, Shani anamtazama kwa macho ya yule mama, naye anataka aonekane mtu.

Niliporudi Tanzania mwaka 2018 niliajiriwa na mkandarasi wa miradi ya maji. Mwanzoni tulilipwa nusu mshahara, baadaye hatukulipwa kabisa. Kila mwisho wa mwezi tuliambiwa tuvute subira, serikali haijalipa. Nilijua maana ya kuamka saa kumi na moja kwenda kazini ukiwa umekopa nauli. Nilijua pia jinsi msimamizi anavyoangalia pembeni anapoombwa hela ya dawa.

Baadaye nikaanza kupata kazi ndogondogo zangu mwenyewe, kuchimba visima na kufunga matangi, na mimi nikawa na vibarua. Nikajiwekea sharti moja: Jumamosi kabla ya alasiri, kila aliyeshika sululu awe ameshapokea chake mkononi, hata ikibidi mimi nikakope. Dini yangu ilikuwa imeshaniambia tangu madrasa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Nilikuwa nalijua kwa mdomo. Kaku na yule mkandarasi, kila mmoja kwa njia yake, ndio walionifanya nilijue kwa mwili.

Hili ndilo naliona kuwa kiini cha mafundisho yote ya Shani, na nashangaa jinsi linavyosemwa kidogo kuliko mengine. Watu huuliza watapoteza nini katika Sade Sati. Mapokeo yenyewe yanauliza unadaiwa na nani.

4. Imba hata ukiwa kinuni

Kuna kisa cha Mfalme Vikramaditya wa Ujjain ambacho katika nyumba nyingi za magharibi mwa India husomwa kwa sauti siku za Jumamosi. Nakieleza kama nilivyokisikia kwa Kaku, maana kina matoleo mengi.

Sayari zilibishana nani mkubwa, zikamwendea mfalme aamue. Akapanga viti vya madini, cha dhahabu mbele na cha chuma mwisho, akaziambia zikae zenyewe. Shani akaangukia kile cha chuma. Akaondoka akimwambia mfalme kwamba watajuana. Muda ulipofika, farasi alimbeba mfalme akatoka naye mbio, akamtupa msituni. Akatangatanga hadi mji wa ugenini, tajiri mmoja akamkaribisha kwake. Usiku akaona kwa macho yake ndege aliyechorwa ukutani akinyoosha shingo na kuumeza mkufu wa mwenye nyumba. Asubuhi aseme nini, na nani amwamini? Akahukumiwa wizi, akakatwa mikono na miguu.

Mkamua mafuta akamhurumia, akampandisha juu ya kinu chake awe anamswaga ng'ombe kwa sauti. Mfalme akakaa pale akizunguka na kinu mchana na usiku, na usiku akawa anaimba. Binti wa mfalme wa mji ule akaisikia sauti kutoka dirishani, akasema mwenye sauti ile ndiye atakayekuwa mumewe, wakampeleka wakamkuta kiwete asiye na mikono, naye hakubadili neno. Kipindi kikaisha. Shani akamtokea, akamrudishia viungo vyake, akamwambia aombe atakalo. Vikramaditya akaomba Shani asimtese mtu mwingine kama alivyomtesa yeye.

Mimi mhandisi mwenye shahada mbili nilizunguka mitaa ya Tanga na begi la spana nikitengeneza pampu za visima vya watu. Waliosoma nami walikuwa ofisini. Mwanzoni nilifanya kazi ile kichwa chini, nikiomba nisikutane na anayenijua. Kisha nikakikumbuka kinu. Nikaanza kusikiliza pampu. Beringi iliyokufa ina mlio wake mkavu unaokwaruza, na pampu inayonyonya hewa hutoa ngurumo ya changarawe hata kama kisimani hamna changarawe. Mafundi wawili watu wazima, ambao hawakupata kukanyaga chuo, walinifundisha kutambua mlio mmoja na mwingine kwa kuweka bisibisi kwenye bomba na sikio kwenye mpini wake. Leo kazi zangu zote zinatokana na sifa niliyoipata miaka ile, na kati ya hao mafundi wawili mmoja ni mshirika wangu.

Ombi la mwisho la mfalme nalo nimelishika. Aliyeteseka akapewa nafasi ya kuomba, akawaombea wenzake.

5. Hofu ina wauzaji wake

Mwaka 2017 nilimsindikiza Kaku kwa basi hadi Shani Shingnapur, kijiji kilicho kilomita zipatazo 160 kutoka Pune. Shani wa pale hana sanamu yenye uso. Ni jiwe jeusi lililosimama wazi juu ya jukwaa, bila paa, na mafuta hutiririka juu yake. Kijiji chenyewe kina sifa duniani kote: nyumba zake za asili zina fremu bila milango, kwa imani kwamba Shani atamshughulikia mwizi. Benki ya UCO ilipofungua tawi pale mwaka 2011 ilitangazwa kuwa benki isiyo na kufuli. Wizi umeshawahi kuripotiwa huko, ni kijiji cha binadamu. Lakini nilisimama mbele ya nyumba ambayo ndani yake niliona redio, sufuria na godoro lililokunjwa, mlangoni pakining'inia pazia tu, na mwenyewe hayupo. Kwa miaka mingi wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga lile jukwaa, hadi Aprili 2016, baada ya maandamano yao na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Bombay, uongozi wa hekalu ulipokubali. Kaku alikuwa akienda tangu ana miaka ya ujana. Aliliangalia jukwaa muda mrefu bila kusema.

Nje ya kijiji na mjini Pune kuna hofu nyingine. Mnajimu mmoja aliyesikia mwezi wangu uko Mbuzi alinikunjia uso, akaniambia ninunue yakuti samawi nivae kidole cha kati, na akataja bei inayozidi kodi yangu ya muhula mzima. Jiwe hilo ndilo hilo linalochimbwa kwetu Tanga, bonde la Umba. Kaku aliposikia alikasirika. Alisema Shani hali rushwa.

Pune hiyo hiyo ndiko alikoishi mwanaastronomia Jayant Narlikar. Yeye na wenzake waliwapa wanajimu 27 nyota za watoto, baadhi wenye vipaji vya masomo na baadhi wenye ulemavu wa akili, wawatenganishe kwa kutazama nyota tu. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 46, pungufu ya kurusha sarafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Nayachukulia kwa uzito. Simshauri mtu yeyote aamue ndoa, matibabu au biashara kwa kutazama Zohali iko wapi. Utabiri wa wanajimu siutegemei. Adabu waliyoifungasha ndani yake ndiyo niliyoichukua.

6. Baba na mwana

Shani ni mtoto wa Jua. Kisa kinasema mke wa Jua alishindwa kuvumilia joto la mumewe, akaondoka akiacha kivuli chake kikae mahali pake. Kivuli hicho, Chhaya, ndicho kilichomzaa Shani. Mtoto alizaliwa mweusi, na baba akamkana. Tangu hapo hawapatani, na unajimu umeuweka uadui wao ndani ya hesabu: buruji ya Kondoo inayolitukuza Jua ndiyo inayomdhoofisha Zohali, na Mizani inayomtukuza Zohali ndiyo inayoliangusha Jua.

Mimi na baba hatukuwa na ugomvi wa maneno. Alitaka nishike duka lake la vifaa vya ujenzi, mimi nikaenda India, na tangu siku hiyo tulisalimiana kwa simu kupitia mama. Alipoanguka mwaka 2020, kazi ya kumwosha ikawa yangu, kwa sababu hakukubali mwanamke yeyote amwone isipokuwa mama, na mama mgongo ulikuwa hauwezi.

Kaku alikuwa na desturi ya kumimina mafuta katika bakuli la chuma, akainama akauangalia uso wake humo, kisha akayatoa. Wenyewe huiita sadaka ya kivuli. Sikuwahi kuifanya. Lakini nilikuwa nikimpaka baba mafuta ya nazi baada ya kumwosha, na bakuli lilikaa mapajani mwangu, na nilipoinama niliuona uso wangu, na ulikuwa ni uso wake. Masikio yale yale, kipaji kile kile. Usiku mmoja alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake uliobaki na nguvu, akanishikilia hadi akalala. Alifariki 2021. Hatukuwahi kuzungumza habari ya duka.

Uchumba uliovunjika sina la kuufundishia. Yule binti alichoka kungoja, na alikuwa na haki.

7. Kwisha kwake hakuna ngoma

Machi 29, 2025 nilikuwa Pangani nikifunga tangi. Niliitambua tarehe kwa sababu Kaku alinipigia simu, sauti imezeeka, kuniambia nimevuka. Alinitakia kheri, akanihimiza nisiwasahau watu wa Jumamosi kwa kuwa sasa nimepumua. Ilikuwa Jumamosi. Nililipa vibarua nikarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo, kwa hesabu hizo hizo, Zohali iko katika Samaki, na itakaa huko hadi katikati ya 2027. Wenye mwezi katika Ndoo wanamalizia, wa Samaki wako katikati, wa Kondoo ndio kwanza wameanza. Wa Mshale na Simba nao wana kipindi kingine cha Zohali, kifupi zaidi, cha miaka miwili na nusu. Ukiwa mmoja wao na ukaogopeshwa, nakuomba usianzie duka la vito. Anzia kwa dada wa kazi ambaye mshahara wake umelala, kwa mlinzi ambaye hujui jina lake, kwa mzazi aliyelala chumba cha nyuma. Lipa deni, uliza jina, kaa naye jioni moja. Na kama hujui mwezi wako ulikuwa buruji gani, hayo yote bado unaweza kuyafanya Jumamosi hii.